Siri Nilizozitoa Kabla ya Kulazwa kwa Maneno

Nilimpiga kofi daktari wa macho, na kabla hajakaa sawa nikampiga la pili. Sikukusudia. Tangu utotoni, mtu akinyoosha mkono kuelekea jicho langu, mkono wangu unamjibu kabla mimi sijafikiri. Hata marehemu mume wangu, akiona uzi umenasa kwenye nyusi zangu, alikuwa ananiambia kwa mdomo tu, naye amesimama mlangoni.

Daktari aliokota miwani yake. Akasema jicho la kulia lina mtoto wa jicho na lazima lipasuliwe. Wakati wa kupasua nitakuwa macho, jicho limetiwa ganzi, nami nisitikisike. Ila kwa mikono hii, akasema, hawezi. "Mukecuru, bibi yangu, nina mke na watoto."

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza kushona Karagwe, Tanzania, nilikolelewa, na tangu turudi Kigali sijaacha. Jicho la kushoto halijawahi kuwa na nguvu, kazi yote ilikuwa ya la kulia. Na mjukuu wangu wa kwanza alikuwa anaolewa baada ya miezi mitatu. Aliniomba mushanana wake, vazi letu la harusi, niupinde pindo kwa mkono, si kwa mashine. Kitambaa cha mushanana ni chepesi, pindo likienda upande linaonekana hadi hema la mwisho. Nami siku hizo nilikuwa natunga uzi kwenye sindano kwa kubahatisha.

Daktari akanielekeza kwa mtu wa hipnoterapia, Kicukiro. Neno hilo sikulijua. Mkwe wangu, mke wa mwanangu ninayeishi naye Kinyinya, akanieleza.

"Anakulaza kwa maneno, Mama. Anakutoa hofu."

"Ananilaza, halafu?"

"Halafu unamjibu anachokuuliza."

Hilo la kujibu nikiwa nimelala halikunipendeza. Jirani yangu, Mwislamu ninayeshona naye kibaraza kimoja, akaongeza kuni. Alisema mtu akilazwa hivyo anatoa siri zote, mpaka za nyumba ya wazazi wake, na akizinduka hakumbuki kitu. "Na mkwe wako ndiye atakayekusindikiza. Atakaa kwenye kiti, asikilize bure."

Wengine mtaani waliuliza kama nahamia Ndera, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili. Wa kikundi cha maombi wakasema akili ikifunguliwa, kitu kingine kitaingia. Nikawaambia yangu imejaa, hakuna nafasi.

Mimi simwogopi mtu. Lakini siri zangu zitoke nami nimelala kama gunia, hapana. Nikaamua kuzitoa mwenyewe mapema, ili huyo mtu akifungua akute kabati tupu.

Nilianza na jirani. Ule mkasi wake mkubwa, aliolalamika mwaka mzima kwamba mteja kautia butu, nikamwambia ni mimi niliyekatia waya wa banda la kuku.

Akakunja kitambaa chake polepole. "Yule mteja nilimfukuza," akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulinisaidia kumtukana, dada."

"Ndiyo maana nakuambia."

Siku mbili hakunisalimia.

Kisha mkwe. Nikamwambia ile chai ya tangawizi anayoniletea kila asubuhi siinywi, naumwagia mgomba ulio nyuma ya jiko.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu uolewe."

Ana watoto wanne sasa. Alitoka nje. Nilimwona dirishani amesimama mbele ya mgomba, anautazama kuanzia chini mpaka juu.

Iliyobaki ilikuwa ya watu wote. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, ile kazi ya mtaa mzima, tuliweka majembe chini tukakaa kwa mkutano. Kwa miezi mingi tulikuwa tunamtafuta anayemwaga maji ya kufulia kwenye mfereji wa barabara, na mimi ndiye niliyesimamia uchunguzi. Nikasimama nikasema uchunguzi umekamilika, ni mimi. Watu wakacheka, wakidhani natania. Ilinibidi nirudie na kutaja saa ninazomwaga. Mkuu wa mudugudu, yaani wa mtaa wetu, akaandika jina langu, akauliza kwa nini nimesema leo. Nikamjibu kwamba Jumanne naenda kulazwa kwa maneno.

Jumanne nikaenda. Nilitegemea mzee mwenye saa ya mnyororo ya kunibembeza usoni. Nikamkuta msichana amevaa raba, umri wa mjukuu wangu.

"Siri nimeshazitoa zote," nikamwambia. "Usijisumbue kutafuta."

"Siri gani, Mukecuru?"

Nikamweleza mkasi, chai, mfereji. Aliweka kalamu chini. Uso aliukaza, lakini mabega yalikuwa yanatikisika.

"Hutalala," akasema. "Utanisikia muda wote. Usilotaka kusema hutasema, usilotaka kufanya hutafanya. Hata nikitoka nikakuacha hapa, utafumbua macho tu uende nyumbani."

"Kwa hiyo ile ya chai ningekaa nayo."

"Ungekaa nayo."

Mkwe wangu, pale kwenye kiti, alikuwa anatazama dirisha.

Msichana akaniambia nifumbe macho, nivute pumzi, nimtajie kazi ambayo nikiifanya mikono yangu inatulia kabisa. Nikasema kupinda pindo. Basi akanipeleka humo kwa sauti ya taratibu: kitambaa magotini, subana kidoleni, sindano inaingia, inatoka. Nilisikia pikipiki ikipita nje na mwanamke anayeuza parachichi. Aliposema sindano iko mkono wa kushoto, nilimsahihisha. Lakini mwili ulikuwa umetua. Akaniuliza kama anaweza kuleta kidole karibu na jicho. Nikasema alete. Mikono yangu ilibaki magotini, imeshika kitambaa ambacho hakipo.

Nilikwenda mara nne. Nyumbani nilifanya mazoezi kila asubuhi, mkwe ndiye akileta kidole. Kazi hiyo aliifurahia kupita kiasi. Akimaliza, ananipa chai na kukaa mbele yangu mpaka niione sakafu ya kikombe.

Siku ya upasuaji daktari aliuliza kama anifunge mikono. Nikamwambia aendelee na yake, mimi napinda. Nikapinda mushanana mzima kichwani mwangu, na nilipokaribia kona ya mwisho akasema amemaliza. Nikamwambia asubiri, nifunge fundo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na jicho jipya. Kwaya ikasimama. Majoho yale niliyashona mimi, miaka miwili iliyopita. Mapindo yalikuwa yanapanda na kushuka kama njia za Kinyinya. Joho moja lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, na mvaaji ameukunja vizuri, ameshazoea.

Baada ya ibada nikamfuata kiongozi wa kwaya. "Mlijua?"

"Tulijua, mama."

"Na hamkusema."

"Nani angekuambia?"

Miaka miwili, watu ishirini, wanaimba mbele yangu, na hakuna aliyeropoka. Nikawaambia wayavue yote wayalete kibarazani.

Mushanana nimeumaliza kwanza. Pindo nimelipima kwa rula, limenyooka, harusi ni Jumamosi. Sasa nafumua majoho. Jirani ameniazima mkasi wake mpya, lakini amehamisha kiti chake. Anashona huku amenielekea.