Wanne kwenye Orodha

Tulimwita Mama Saa, na jina hilo nilimpa mimi, siku aliponigombeza mbele ya watu kwa kuchelewa dakika nne. Nilikuwa nimeshika usukani miaka ishirini, nimeendesha malori, mabasi, hata gari la maiti, na hakuna aliyewahi kunihesabia dakika. Yeye alihesabu. "Ulisema utapita darajani saa tatu na nusu," akaniambia. "Umeniita saa tatu na dakika thelathini na nne. Hizo dakika nne nifanyeje? Nikusubiri au nianze kukuzika?" Watu wakavunjika mbavu. Nilimnunia mwezi mzima.

Kabla ya vita alikuwa karani wa shule ya sekondari. Yeye ndiye aliyepiga chapa ratiba za mitihani, na kengele mbovu ilipogoma, ndiye aliyetoka na kipande cha chuma kwenda kuigonga. Shule ikafungwa, akaja kwenye shirika letu la misaada kuomba kazi ya uchapaji. Wiki hiyo hiyo aliyekuwa akishika redio alikimbilia mji mkuu bila hata kuaga. Meneja akamwambia mama akae pale siku mbili tatu, mpaka apatikane mtu. Mimi nilipomjua alikuwa amekaa miaka tisa.

Chumba chake kilikuwa stoo zamani. Dirisha moja lenye nondo, meza, redio kubwa ya kuzungumza na vituo vya mbali na ndogo ya magari, ramani ukutani yenye pini za rangi, na chupa ya chai ambayo hakuna mtu mwingine aliyethubutu kuigusa. Jua liwake lisiwake, alivaa sweta ya kijani. Mbele yake daima palikuwa na daftari la miraba na kalamu ya bluu. Kila nusu saa aliita gari lililo njiani, nalo lilijibu liko wapi na lina watu wangapi. Usipojibu mara mbili, alianza kupiga simu kwa kila mwenye bunduki kati yako na yeye.

Hapo ndipo kazi yake hasa ilipokuwa. Watu wa nje wanadhani msaada unafika kwa sababu una magari na nembo milangoni. Unafika kwa sababu kuna mtu aliyeomba njia kwa adabu na akaaminika. Kwa kila safari Mama Saa aliandika orodha: namba ya gari, mzigo, na majina ya watu, wa kwenda na wa kurudi. Pande zote mbili za vita zilipata nakala kabla ya saa sita mchana, siku moja kabla. Asiyekuwemo kwenye orodha hapandi. Niliwahi kumwomba anisaidie kumpitisha shemeji yangu, mtu mwema, ana begi moja tu. Aliniangalia kama niliyemwomba figo.

Kisha barabara ya kwenda zahanati yetu, ng'ambo ya mstari wa vita, ikafungwa. Ilifungwa miezi saba.

Kizuizi kilikuwa cha kamanda mmoja tuliyemwita Miwani, kwa sababu ya miwani yake myeusi ambayo mkono mmoja ulikuwa umefungwa kwa uzi. Kila asubuhi saa mbili Mama Saa alimpigia simu. Mara nyingi nilikuwepo, nikisubiri karatasi za gari, na mazungumzo yao niliyajua kwa moyo.

"Kamanda, umeamkaje? Barabara ikoje leo?"

"Imefungwa."

"Haya, asante. Nitapiga kesho."

Hakumsihi wala hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Siku moja malaria ilimlaza, simu haikupigwa. Saa mbili na robo Miwani akapiga mwenyewe. "Yule mama yuko wapi? Mbona leo kimya?" Tulicheka, lakini mwenyewe aliposimuliwa hakucheka. Alisema, "Vizuri. Amezoea."

Jambo ambalo sijalisema ni hili: ndani ya zahanati ile iliyofungiwa ng'ambo alikuwemo mkunga wetu, na mkunga huyo alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee. Alikwenda kwa zamu ya wiki sita. Barabara ilipofungwa hakuweza kutoka, na huko hapakuwa na mtandao wa simu. Redio tu, kila Jumatano saa nne.

Nilisikiliza Jumatano hizo. "Zahanati, hapa Kituo. Hali?" Binti akajibu, "Kituo, hapa Zahanati. Hali shwari. Waliojifungua wiki hii sita." Basi, wakaendelea na dawa, maji, mafuta ya jenereta. Hata mara moja sikusikia mwanangu wala mama. Nilimwona mkatili, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba redio ile inasikilizwa na watu wengi, na si kila mmoja anahitaji kujua kilicho moyoni mwake. Jumatano moja tu aliteleza. Alipomaliza hesabu ya dawa akauliza, "Na huyo mkunga, anakula?" Redio ikanguruma, kisha ikajibu, "Anakula, Kituo."

Mwezi wa nane Miwani akasema, "Leteni gari moja." Mama Saa akaniteua mimi, labda kwa kuwa nilikuwa nimeacha kuchelewa. Tungekwenda wanne: mimi, muuguzi, mtunza ghala, na mkunga mpya, msichana mpole aliyekuwa na woga lakini amekubali. Yeye angebaki kuchukua zamu, na binti wa Mama Saa angerudi nasi. Wanne kwenda, wanne kurudi.

Kwenda hakukuwa na shida. Miwani alisoma orodha kwa sauti, akamtazama kila mtu usoni, akainua kamba ya kizuizi. Zahanati walitupokea kwa vigelegele. Tulishusha masanduku, mkunga mpya akaonyeshwa kitanda chake, na yule wa zamani akaingia garini na begi dogo. Alikuwa amekonda. Ana macho ya mama yake na ulimi wa mama yake. "Anko," akaniambia, "usikanyage breki mpaka nyumbani."

Lakini ilikuwa sheria kwamba kilomita moja kabla ya kizuizi gari lisimame, dereva aite Kituo na kusoma majina, na Mama Saa ayalinganishe na nakala yake. Nikasimama kando ya tangi la maji lililotobolewa kwa risasi. Nikaita. Nikasoma jina langu, la muuguzi, la mtunza ghala, na la mwisho la binti yake.

Nikangoja, kisha nikaita tena.

"Kituo, umepokea?"

"Gari Moja, subiri," akasema. Sauti ilikuwa ile ile, ila polepole. "Orodha yangu ya kurudi ina jina la mkunga mpya. Nilinakili ile ya kwenda. Kosa ni langu."

Nikatoa nakala mfukoni. Ilikuwa humo tangu asubuhi na sikuwa nimeifungua. Kweli, msichana wa watu tuliyemwacha zahanati alikuwa ameandikwa kwamba anarudi nasi, na aliyekaa nyuma yangu hakuandikwa popote. Muuguzi akanong'ona kwamba zamu ya mchana kizuizini ina askari wengine, hawakutuona asubuhi. Wataita jina, binti aitikie jina la mwenzake, tumepita. Mimi mwenyewe niliona ndiyo njia.

"Kituo," nikasema kwa ujanja, "idadi iko sawa. Ni wanne."

"Nimeuliza majina. Sikuuliza idadi." Kisha akasema, "Gari Moja, mkunga mpya yuko wapi?"

"Zahanati."

"Basi ukipita hivyo, karatasi za pande zote mbili zitasema ametoka. Mtu aliyekwisha kutoka hatafutwi na yeyote. Naye ana mama. Geuza gari, mrudishe uliyemchukua."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia kwamba anayemrudisha ni mtoto wake, kana kwamba hajui. Nilikuwa nimeshaibonyeza redio, nikasikia mkono begani.

"Geuza, anko," binti akasema. Alikuwa analia, lakini hakubishana. Nikageuza mpaka zahanati. Aliposhuka, mkunga mpya alitoka mbio kumpokea begi, naye akamwambia, "Leo tutalala wawili chumba kimoja," kama vile walipanga.

Tukafika kizuizini watatu. Miwani mwenyewe alikuwa amesimama katikati ya barabara, darubini kifuani.

"Nimewaona," akasema. "Mmesimama kwenye tangi, mkageuza. Karatasi ina wanne. Wa nne mmemficha wapi?"

Askari wakalizunguka gari. Nimezoea kusema uongo vizuizini, uongo mdogo mdogo wa kupitisha siku, na mwingi ulinijia. Lakini nilikumbuka ile sauti ya polepole, nikamweleza yote kama yalivyo, mpaka binti ni wa nani. Miwani hakuamini. Akatoa simu, akampigia Mama Saa na kuweka sauti tusikie wote.

"Mama. Dereva wako anasema umekosea orodha."

"Kweli kamanda. Nilinakili bila kusoma. Nimejizoesha kutomfikiria mtu yule nikiwa kazini, na safari hii nikamsahau hata palipompasa kuwemo. Samahani."

"Na mtu yule ni mwanao?"

"Ni mfanyakazi wetu."

"Sikuulizi hivyo."

"Ni mwanangu," akasema.

Miwani akavua miwani. Sikuwa nimeyaona macho yake kabla, nikashangaa kuona ni kijana, hajafika hata miaka thelathini. "Mlikuwa na jina, mna watu wanne, na mmemrudisha," akasema, kama anayejisomea mwenyewe. "Andika orodha nyingine sasa hivi. Nitamngoja hapa hapa."

Nilitaka kumbusu. Na yule mama, kutoka kwenye chumba chake chenye nondo, akajibu, "Asante sana kamanda, lakini sasa ni saa nane. Tulikubaliana kabla ya saa sita, siku moja kabla, na upande wa huku pia lazima wapate nakala. Nitaleta kesho, gari lije keshokutwa."

Nilishika kichwa. Miwani alimtazama muuguzi, akanitazama mimi, kisha akacheka, kicheko kikubwa cha kweli, mpaka askari wake nao wakaanza kutabasamu bila kujua sababu. "Huyu mwanamke hata bahati anaipangia saa," akasema. Akarudi kwenye simu. "Haya, mama. Keshokutwa. Na orodha zako, kuanzia leo, nikishaona sahihi yako sitapekua mzigo. Lete gari kila Jumanne."

Kila Jumanne! Tulikuwa tumeomba safari moja.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja chumba cha redio, nimejaa maneno ya kumwambia. Nikamkuta ameegemeza paji la uso kwenye daftari, mabega yanatikisika. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa ile isiyoguswa, nikamwekea mbele yake. Akanywa.

"Nikimsahau vile," akasema, "mimi mama wa namna gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui wengine wanasemaje, lakini kuanzia siku hiyo ningeendesha gari popote ambapo sauti yake inaniambia pita. Nilikuwa sijawahi kumwambia mkubwa wangu yeyote neno kama hilo, na sikuona haya.

Kesho yake aliandika orodha mpya mwenyewe, akampa mtunza ghala aisome kwa sauti, kisha akanipa mimi niisome tena. Tangu siku hiyo orodha zetu zote husomwa na watu wawili ambao hawakuziandika. Meneja ameifanya kanuni, na wageni wanaokuja kutufundisha usalama huisifia sana bila kujua ilikotoka.

Keshokutwa nilisimama tena penye tangi. Nyuma walikaa watatu. Nikaita.

"Gari Moja, mko wangapi?"

"Tuko wanne."

"Majina."

Nikasoma. Jina la binti likawa la mwisho.

"Gari Moja, rudia la mwisho."

Nikarudia.

"Sijapata vizuri. Rudia."

Redio siku hiyo ilikuwa safi, ungesikia hata mtu akimeza mate. Nikalisoma mara ya tatu, taratibu, jina la kwanza, la baba na la ukoo. Nyuma yangu binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

"Nimepokea," Mama Saa akasema. "Wanne kwenye orodha, wanne garini. Songa mbele."

Miwani aliinua kamba bila kusoma chochote. Aliinamia dirishani, akamwambia binti, "Msalimie mama. Mwambie saa mbili asichelewe."

Tulipoingia uani nilidhani nitamkuta getini, mikono imefunguliwa, kama mama yeyote. Hakuwepo. Binti aliacha begi garini akakimbia mpaka mlango wa chumba cha redio, nami nikamfuata. Mama Saa alikuwa kitini, sweta ya kijani, mgongo wima. Alimwona. Akainua kidole kimoja kwamba asubiri, kwa sababu nusu saa ilikuwa imefika na Gari Mbili lilikuwa bado njiani. Akaliita, likajibu, akaandika. Kisha akaangalia saa ya ukutani, akaandika muda wetu wa kuwasili, akaandika watu wanne, akapiga mstari chini ya safari. Akafunika kalamu, akasimama.

"Sasa njoo, mwanangu," akasema.

Nikauvuta mlango nyuma yangu, nikaenda kukaa kwenye ngazi za ofisi, nikalia.