Sauti Niliyoifuta

Siku ile siisahau, mwanangu Zuhura. Umeniuliza kama ni sawa ile katuni yetu ya mapenzi, ya binti mfinyanzi na mchumba wake aliyegeuzwa ndege, itengenezwe upya kwa waigizaji wa kweli kama inavyotangazwa. Mimi baba yako mdogo bado ni kijana, na kusema ana kwa ana kunanishinda, ndiyo maana nakuandikia.

Kwenye banda letu la video pale Dunda, katuni ile aliitafsiri Mzee Shabani. Alishika maikrofoni akawasemea wahusika wote peke yake, tukamrekodi kwenye kompyuta ya banda. Yule ndege alimpa lafudhi ya Kikwere, watu wakavunjika mbavu. Binti alipoaga, walilia. Maneno yote waliyajua, na bado walirudi.

Mimi nikaona imezeeka. Nikamwendea.

"Shikamoo, mzee. Nataka kuitafsiri upya, kwa maneno ya vijana."

"Marahaba. Wewe unayenong'ona hata ukifukuza kuku?" Akacheka. "Haya, fanya. Ila yangu usiiguse."

Niliigusa. Nilirekodi yangu juu ya yake, nikisingizia kompyuta imejaa. Nikajiambia mzee yupo, siku yoyote atarudia.

Haikupita miezi mingi, akaugua koo, akapasuliwa, na sauti haikurudi tena. Mchana mmoja mkewe, Bi Mwajuma, alimleta bandani amemshika mkono.

"Tuwekee ile katuni, baba. Nina hamu ya kumsikia."

Niliiwasha. Ikatoka sauti yangu, na mizaha yangu ya mjini. Mzee Shabani alitazama skrini, midomo yake ikifuata maneno yake ya zamani, kimya. Bi Mwajuma alisubiri hadi binti akaaga.

"Hii ni ya kwako. Ya mume wangu iko wapi?"

Nikamwambia nimeifuta.

Basi, mwanangu, waache watengeneze. Kipya hakina kosa. Kosa ni kukifuta cha kwanza ili chako kisilinganishwe nacho. Nafasi kwenye kompyuta ingepatikana. Nyimbo zangu zilikuwemo tele. Ukitaka kubadilisha kazi ya mtu, kwanza itunze yake mahali salama. Na ukimkosea, mwombe radhi angali anaweza kukujibu. Mimi niliomba, akaniinulia mkono tu, na hadi leo sijui kama alinisamehe au aliniambia niondoke.

Mungu akupe mkono ulio mzito kufuta, na akukutanishe na watu watakaokusamehe kwa maneno.