Goti la Fundi wa Vigae

Shemeji yangu, mume wa dada, ni fundi wa vigae. Kwa miaka ishirini kazi yake imekuwa kupiga magoti kwenye nyumba za watu, huku sebule yake mwenyewe ikiwa saruji tupu. Mwaka jana aliona haya, akaanza kuitengeneza. Alipofika nusu akateleza kwenye vigae vyake mwenyewe vilivyolowa sabuni, akavunja mguu juu kidogo ya goti. Nilimcheka, Mungu anisamehe, kisha nikambeba.

Plasta ilipotolewa, paja lilikuwa limenywea na goti limekakamaa. Shemeji hakukata tamaa, ila alishika lake: nguvu ya mguu ni kunyooka. Kila asubuhi alikaa kitini, akaning'iniza kifundoni ndoo yenye vigae viwili, akaunyoosha mguu mpaka jasho likamtoka. Baada ya mwezi vikawa vinne. Mguu ulinyooka kweli, lakini ukiukunja, goti linagoma njiani. Na fundi wa vigae asiyeweza kupiga goti ana kazi gani? Siku moja nilimkuta analigonga kwa nyundo ya mpira, katega sikio, vile wanavyogonga kigae kusikia kama chini kuna uwazi.

"Lina mvungu?" nikamuuliza.

"Limejaa ubishi tu, shem."

Dada ndiye aliyemburuta hospitali. Mama wa mazoezi ya viungo akambonyeza paja mbele, kisha nyuma, akatikisa kichwa.

"Baba, misuli haijui kusukuma, inajua kuvuta tu. Hii ya mbele ikivuta, goti linanyooka. Hii ya nyuma ikivuta, linakunjika. Mmoja akivuta, mwenzake sharti aachie. Wewe umemlisha wa mbele, wa nyuma umemlaza njaa."

Shemeji akajishika paja. "Kama uzi wa kupimia," akasema. "Tunaushika wawili. Mimi nikivuta na mwenzangu akikaza, hauendi popote."

"Basi mwambie huyo wa mbele aachie."

Ndoo ikarudi jikoni. Sasa alikaa sakafuni, kwenye ile nusu iliyokamilika, akavuta kisigino kuelekea kwake huku akisaga meno, na dada akiweka alama ya penseli pale kilipofika. Wiki nyingine alama haikusogea hata unyoya. Alitukana goti, akanitukana mimi niliyekaa kimya, kisha akavuta tena. Niliona fahari kuwa na shemeji mkaidi namna ile.

Mwezi wa nne wa mazoezi hayo alipiga goti, mkono mmoja ukutani, machozi yakimtoka. Akaanza kulaza vigae vilivyobaki, vitatu kwa siku, halafu vitano. Jioni alipoweka cha mwisho dada alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Kesho yake, saruji ilipokauka, akavigonga kimoja kimoja kwa mpini wa ufagio. Cha mwisho kikalia uwazi. Tukatazamana.

"Kiache," dada akasema. "Tutaweka kabati juu yake. Umeshapiga magoti ya kutosha."

Shemeji alikuwa tayari ameshika mwiko wa saruji, akibandue.

"Mama watoto, sasa hili goti nimelihangaikia la nini?"

Akapiga goti, na safari hii hakushika ukuta.