Susu na Kibao cha Njia ya Mtoni

Leo nyanya yangu ameaibisha hoteli nzima, na chai hata haikuwa imeletwa.

Tuko Kilungu, kwa ile nyumba ya wageni ya zamani, ya mawe, ambako watu hufikia wakija kutembea vilimani. Nilimleta Susu, ndivyo huku tunavyoita nyanya, kwa sababu maisha yake yote ameiona kwa nje tu.

Meneja akaanza hadithi yake. "Hapa palijengwa na mzungu, miaka ya hamsini. Hata hiyo njia ya mtoni ni yake."

Akatuonyesha kibao: NJIA YA BWANA.

Susu akaweka kiondo chini. Nikajua tumeisha.

"Kijana, huyo bwana alibeba mchanga?"

Meneja akakitazama kibao.

"Tulibeba sisi wasichana kutoka mtoni. Debe mgongoni, kamba kwa paji la uso. Hiyo njia ilichimbwa na miguu yetu. Yeye alikaa hapo kwa veranda akituambia tuharakishe."

Jamani, nilitamani kuingia chini ya meza. Nilijua tunafukuzwa.

Meneja akavuta kiti, akatoa kalamu.

"Susu, mlikuwa akina nani?"

Akawataja wasichana wote saba. Mueni alimtaja mara mbili, maana alikuwa akianguka, anacheka, anarudi kujaza tena.

Saa hii kibao kimeng'olewa, kinapakwa rangi upya ili kiandikwe majina yao.

Kama nyanya yako alibeba mchanga wa hapa, andika jina lake hapo chini. Nitampelekea meneja.

Kesho asubuhi tunashuka mtoni. Maji nitabeba mimi.

Susu amesema safari hii anapanda bila mzigo.