Mapigo Yaliyopotea

"Sasa hiyo nyota yako imekwenda wapi?" mama aliniuliza.

Alikuwa kwenye eda ya baba, hatoki nje ya nyumba yetu ya mtaa wa Kipawa. Mie nilikaa naye na kompyuta yangu, nikichambua data za darubini ya redio ya ng'ambo, nikitafuta pulsa katika kundi la nyota kongwe zilizosongamana. Pulsa ni mabaki ya nyota iliyokufa, yanayozunguka na kutuma mapigo ya redio. Nilipopata mapigo hafifu niliyageuza kuwa sauti, na mama akawa anataka kuyasikia kila akimaliza kuswali alasiri.

Data mpya zilipofika, mapigo hayakuwemo. Msimamizi wa utafiti wangu chuoni alisema yale ya kwanza huenda yalikuwa kelele za mitambo tu.

"Labda haikuwepo kabisa, mama."

"We mtoto! Hata kwenye msiba unadai ushahidi." Alicheka kidogo, kisha akageukia ukutani. Hakuniomba tena nimsikilizishe.

Mama alifariki kabla sijahitimu. Baadaye sana, darubini kubwa zaidi iliyanasa mapigo yaleyale. Nyota ile ina mwenzake anayezunguka naye, na siku tulipoikosa ilikuwa imefunikwa na gesi ya mwenzake huyo.