Nyama ya Ukumbusho wa Philister

Severin Mrema alikuwa mpole mpaka watu wakamwonea. Pale hospitalini Coon Rapids, alikofanya kazi ya kuogesha wazee na kuwageuza kitandani, ulimi wake haukuwa mzito hata kidogo. Mzee akikataa dawa, Severin alimwambia waziwazi kwamba asipomeza atakufa, na mzee alimeza. Lakini akishavua sare na kuingia sebuleni kwa baba mkwe wake kule Blaine, mtu huyo humpati tena. Alikaa kwenye ncha ya kochi, miguu pamoja, akaitikia "ndiyo, baba" hata alipoulizwa kama chai ina sukari ya kutosha, nayo haina.

Baba mkwe huyo, mzee Eliakim, alikuwa Mkenya wa Magharibi aliyekuja Minnesota kusoma, akabaki. Mkewe Philister alifariki mwishoni mwa mwaka 1995, na sasa ukumbusho wake ulikuwa unakaribia. Kwao, nyama ya siku hiyo hutoka mkononi mwa mume mwenyewe. Ya kununua dukani, au ya kuchangiwa na watu wa kanisa, ni aibu, utadhani marehemu hakuwa na mwenyewe. Na Blaine, kama ujuavyo, hakuna zizi. Eliakim alikuwa amezoea kwenda porini kuwinda na Wazungu wa kazini kwake, hivyo akakata shauri kwamba Philister atakumbukwa kwa elki, yule mnyama wa milimani mwenye mapembe kama matawi na mwili unaomkaribia pofu wa mbugani. Kibali cha kumwinda kule Wyoming hutolewa kwa bahati nasibu. Mwaka huo jina lake lilitoka, na mzee alisema Philister ndiye aliyelichomoa.

Ikabaki kuchagua bunduki. Severin ndiye aliyempeleka dukani. Muuzaji, mtu asiye na haraka, aliwaeleza kwamba elki haangushwi na kishindo. Anaangushwa na risasi iliyopita mahali pake, nyuma ya bega, ikafika mapafuni. Akamshauri mzee achukue kaliba ya wastani, ile wanayoiita two-seventy, pamoja na risasi ngumu isiyosambaratika inapogonga mfupa. Bunduki hiyo haitamwumiza bega, alisema, na mtu asiyeumizwa na bunduki yake haiogopi. Eliakim alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akanyoosha kidole kwenye three-hundred magnum, kubwa kuliko zote rafuni.

"Hiyo ingine ni ya watoto," akamwambia Severin. "Mama yenu nilimuoa na ng'ombe, si na kuku. Ama unaonaje?"

"Ni kweli, baba," Severin akajibu.

Jumamosi zilizofuata walikwenda kwenye uwanja wa shabaha, na huko ndiko Severin alikoona. Bunduki ile ilimpiga mzee teke la punda. Baada ya risasi chache tu, alianza kufumba macho na kukaza shingo kabla hata hajavuta kifyatulio. Matundu yakatawanyika kwenye karatasi. Mzee akalaumu upepo, akalaumu na darubini ya bunduki, huku akilipapasa bega lake upande ambao alidhani haonekani. Angekuwa mgonjwa wa hospitali, Severin angemwambia: mzee, unaiogopa, twende tukaibadilishe. Lakini utamwambiaje baba mkwe kwamba anaogopa, tena mfiwa? Akameza maneno. Hata Susan, mkewe, hakumwambia, maana Susan angemweleza babake siku hiyohiyo.

Mlimani kule Wyoming, dume la elki lilitoka msituni asubuhi likasimama ubavu, kichwa juu, kama lililoagizwa. Mwindaji gani angeomba zaidi ya hapo? Severin hakumtazama mnyama, alimtazama mkwewe. Akamwona akifumba macho. Bunduki ikalia, elki akajikunja katikati, akaingia mitini akiyumba. Risasi ilikuwa imempata tumboni. Walifuata damu kutwa nzima, wakiinama, wakipotea, wakirudi, mpaka theluji ikaanza kushuka na kuifunika yote. Mahali fulani chini ya miti ile mnyama alikuwa anakufa taratibu, na hakuna wa kummalizia. Eliakim akakaa juu ya gogo. Kwa mara ya kwanza Severin alimwona ni mzee kwelikweli, na moyo ukamuuma.

"Severin," akasema, "pale range, ulikuwa unaniona nikifunga macho?"

Severin alitamani kukana, ila alichoka. "Nilikuwa nakuona, baba."

"Na ukanyamaza."

"Nilikuheshimu, baba."

Mzee hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Philister angeniambia palepale dukani," akasema. "Angesema, wewe mzee, hilo bega lako limeisha, chukua hiyo ndogo. Ningekasirika, na ningeichukua." Akafuta pua kwa glavu. "Sasa ni nani ataniambia?"

Siku ya ukumbusho waliandaa mbuzi wa kununua na kuku walioletwa na watu wa kanisa. Sebule ilijaa, watu wakaomba, wakaimba, wakala. Severin alipokuwa akibeba masufuria aliwasikia wageni wawili mlangoni wakinong'onezana kwamba maskini Philister, hata mbuzi ametoka dukani. Alipompelekea Eliakim sahani yake, mzee akamshika mkono akamvuta karibu.

"Niambie," akasema kwa sauti ya chini. "Watu wanasemaje juu ya nyama?"

Severin akafumbua kinywa. Maneno yalikuwepo, yote, na alijua kwamba hili ndilo aliloombwa kule mlimani.

"Wanaisifu, baba."

Mzee akauachia mkono wake taratibu. "Haya," akasema. Waliendelea kuonana kila Jumapili kwa miaka, wakisalimiana vizuri, lakini tangu siku hiyo Eliakim hakumuuliza tena Severin jambo lolote.