Dada Aliyekuwa Mke Ziwani na Mchumba Ubalozini

Mwaka niliomaliza chuo kikuu, dada yangu alitaka kumfuata mumewe Ujerumani, na mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mume huyo alikuwa fundi mitambo Mjerumani aliyefanya kazi hapa kwa mkataba. Kabla haujaisha alileta nyumbani kwetu mtaani Ziwani mbuzi wa ntheo, na kwetu Wakamba, mbuzi hao wakishapokelewa, binti ameolewa. Baba alichinja dume, majirani wakala, tukaimba. Hakuna aliyefikiria kwenda kwa msajili wa ndoa. Mume akarudi kwao, akaanza kazi mpya.

Tukielekea ubalozini kwa miguu, nilimpangia dada njia zote. Aende kama mke? Cheti hana. Kama mwanafunzi? Ada nani atalipa? Kama mchumba, akafunge ndoa kule? Je, mtu akibadili nia? Na ndoa ya mbuzi aitaje au aifiche?

"Wewe kijana," akasema, "unawaza mpaka miguu yangu inachoka."

Ofisa alikuwa Mjerumani mwenye Kiswahili cha darasani, taratibu na safi. Alimuuliza dada kama ameolewa. Nilishika kingo za kiti.

"Nyumbani kwetu nimeolewa," dada akajibu. "Kwenu bado. Nataka kuishi na mume wangu, na sitaki kuanza kwa uongo. Niambie njia ya mtu kama mimi."

Alisema hivyo kwa sauti ileile anayonunulia sukuma wiki. Nimejaribu kuiga sauti hiyo mara nyingi, sijaipata. Ofisa aliuliza habari za mbuzi kwa muda mrefu, kisha akaeleza. Bila cheti, njia ilikuwa ni kusafiri kama mchumba, wafunge ndoa kule, ndipo aombe kibali cha kukaa kama mke. Au angoje mume aje wafunge hapa, naye hangepata likizo hadi mwaka uliofuata.

"Mchumba," dada akasema papo hapo.

Njiani nilitaabika upya. Baba, mchongaji vinyago, alikuwa amemtoa binti yake mbele ya watu. Sasa angeambiwa binti huyo anasafiri kama ambaye hajaolewa. Akikataa kumbariki, dada hangeondoka, nilijua hilo. Nikashauri tumwambie pole pole, labda baada ya wiki.

Dada alimwambia kabla hajavua viatu.

Baba aliacha kuchonga, akaweka tezo chini. "Kwa hiyo kwa hao watu wewe bado ni msichana wa kwangu tu?"

"Mpaka nifunge ndoa ya kule, Baba."

"Na mbuzi wangu?"

"Nimemweleza ofisa. Akauliza kama mkwe wako aliwachagua mwenyewe."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba wauzaji walimwona mzungu sokoni wakamuuzia mmoja kilema."

Baba alicheka hadi akajifuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao. Halafu akamtazama sana.

"Nenda," akasema. "Kafunge ya pili. Wenzako hata moja hawapati." Akanigeukia. "Na wewe msomi, mbona umekunja uso?"

Nilikuwa nimeanza kuwaza kama kule kuna unga wa ugali. Dada alishaingia ndani kumuuliza Mama sanduku liko wapi.